Saratani ya Damu Inaporudi kwa Sura ya Uvimbe

Yapo majina ya maradhi ambayo humpa msikilizaji nusu ya habari na kumnyima nusu ya pili. Mojawapo ni hili tulilolizoea la "saratani ya damu". Mtu akilisikia hudhani kwamba ugonjwa wenyewe umo ndani ya damu kama sukari ilivyomo ndani ya chai, na kwamba siku damu ikipimwa ikaonekana safi, basi maradhi yamekwisha na kilichobaki ni kumshukuru Mola. Dhana hiyo si ya wasiosoma peke yao. Nimeisikia katika vyumba vya walimu na nimeisoma katika insha za wanafunzi. Hata katika mazishi nimemsikia msemaji akistaajabu hadharani: iweje mtoto ambaye damu yake ilitangazwa kuwa safi aje kuuawa na uvimbe wa kichwani? "Alikuwa na maradhi mawili," akahitimisha msemaji huyo, na waombolezaji wakatikisa vichwa kukubali.

Yamkini kabisa maradhi hayo hayakuwa mawili. Lukemia, ambalo ndilo jina la kitaalamu la saratani ya damu, inaweza kutoweka katika damu, ikatoweka hata katika uboho wa mifupa, kisha baada ya miezi au miaka ikajitokeza mahali pengine kabisa: nyuma ya jicho, katika ufizi, chini ya ngozi, kandokando ya uti wa mgongo, katika korodani, au katika tando zinazoufunika ubongo. Mimi si daktari. Ni mwalimu wa Kiswahili ambaye kalamu yake imezoea ngeli na methali. Hata hivyo nimeona jambo hili lijadiliwe katika ukurasa huu usomwao na walimu na wanafunzi, maana mtoto anayetibiwa lukemia huonekana na mwalimu wake kwa saa nyingi kuliko anavyoonekana na daktari, na akiwa katika shule ya bweni, kuliko anavyoonekana na mama yake mzazi.

Na tuanzie kwenye uboho. Kila aliyewahi kuugonga mfupa wa mbuzi juu ya sahani ili aunyonye utamu uliomo ndani anaujua uboho, ijapokuwa huenda hajui kazi yake. Humo ndimo kiwanda cha damu kilimo. Humo hutengenezwa seli nyekundu zinazobeba oksijeni, seli nyeupe zinazopigana na viini vya maradhi, na vile visahani vidogo vinavyoigandisha damu mtu anapojikata. Katika lukemia, seli nyeupe changa hukataa kukomaa. Huzaana bila kipimo, hazifanyi kazi yoyote ya maana, na huujaza uboho hadi seli nyingine zikakosa nafasi. Ndipo mtoto anapopauka kwa upungufu wa damu, akashikwa na homa zisizokwisha, akatokwa na damu puani au kwenye fizi, akalalamika kuwa mifupa inamuuma. Lukemia inayokwenda kwa kasi ina matawi mawili makuu: ile ya limfoblasti, ambayo ndiyo inayowapata watoto zaidi, na ile ya mieloidi, ambayo huwapata watoto pia lakini huwaandama watu wazima zaidi.

Seli hizi, maadamu ni za ukoo wa seli nyeupe, zimerithi tabia ya kusafiri. Seli nyeupe ya kawaida ina kibali cha kutoka ndani ya mshipa na kuingia nyamani palipo na jeraha au uambukizo. Seli ya lukemia nayo hukitumia kibali kicho hicho. Kwa hivyo kusema kwamba huu ni ugonjwa wa damu tu ni sawa na kusema kwamba matatu ni mali ya kituo, eti kwa sababu ni pale tunapoiona ikijaza abiria.

Historia ya jina lenyewe inaonyesha jinsi macho ya binadamu yanavyotangulia kuona upande mmoja. Mnamo 1845 matabibu wawili, John Hughes Bennett wa Edinburgh na Rudolf Virchow wa Berlin, kila mmoja kwa njia yake, walieleza habari za wagonjwa waliokufa wakiwa na damu iliyojaa chembe nyeupe kupita kiasi. Mwaka wa 1847 Virchow akaupa ugonjwa huo jina lililoundwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya damu nyeupe. Lakini zaidi ya miaka 30 kabla ya hapo, yaani mnamo 1811, Allan Burns wa Scotland, bingwa wa elimu ya viungo vya mwili, alikuwa amekwisha kueleza uvimbe wa ajabu wenye rangi ya kijani. Mnamo 1853 uvimbe wa namna hiyo ukaitwa kloroma, kutokana na neno la Kigiriki la rangi hiyo. Ni shina lile lile lililozaa neno klorofili ambalo wanafunzi wa Biolojia hulikariri wasomapo habari za majani. Ukijani huo hutokana na kimeng'enya kiitwacho mieloperoksidesi, kilichomo kwa wingi katika seli za ukoo wa mieloidi, na hufifia uvimbe uliopasuliwa unapokaa hewani. Si kila uvimbe wa aina hii ulio kijani, ndiposa wataalamu wa leo wakapendelea kuuita sarkoma ya mieloidi. Vizazi kadhaa vya matabibu vilipita kabla ya kutambuliwa kwamba aliyeona damu nyeupe na aliyeona uvimbe wa kijani walikuwa wanautazama ugonjwa mmoja.

Sisi wa Afrika Mashariki tumo katika historia hii. Mnamo 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji mzaliwa wa Ireland aliyefanya kazi katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya uliowapata watoto wa Kiafrika. Uvimbe huo ni aina ya saratani ya tezi za limfu, na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Miaka saba baadaye, mnamo 1965, J. N. P. Davies, aliyekuwa ametumikia Kampala kwa miaka mingi, pamoja na Raphael Owor waliandika katika jarida la madaktari wa Uingereza kuhusu kloroma kwa watoto wa Uganda. Nayataja majina haya si kwa kujionyesha bali kwa sababu ya fundisho lililomo. Katika nchi zetu, mtoto mwenye jicho lililotokeza au taya lililovimba anaweza kuwa na uvimbe wa Burkitt, au saratani ya jicho lenyewe, au jipu la kawaida, au lukemia. Macho matupu hayawezi kuamua. Hata hadubini imewahi kudanganyika, kwani sarkoma ya mieloidi mara nyingi imedhaniwa kuwa saratani ya limfu pale ambapo maabara haikutumia rangi na vipimo maalumu vya kuzitambua seli hizo. Daktari asipoambiwa kuwa mtoto huyu aliwahi kutibiwa lukemia miaka mitatu iliyopita, anaweza kuanza safari upya kwa njia isiyo yake.

Kwa nini basi ugonjwa urudi mahali ambapo haukuanzia? Jibu limo katika kisa cha dawa zenyewe, nacho ni kisa kinachonistaajabisha kila ninapokirudia, kwa kuwa marejeo ya aina hii yalianza kuonekana kwa wingi pale pale ambapo matabibu walianza kufaulu.

Kabla ya 1948 mtoto aliyeshikwa na lukemia kali alikufa baada ya wiki au miezi michache. Mwaka huo Sidney Farber wa Boston alitangaza kuwa alikuwa amewapa watoto 16 dawa iitwayo aminopterini, na 10 kati yao wakapata nafuu. Dawa hiyo ilitoka katika maabara iliyoongozwa na mwanakemia mzaliwa wa India, Yellapragada Subbarow, na kazi yake ilikuwa kuizuia seli isitumie asidi ya foliki, ile vitamini tuipatayo katika mboga za majani. Nafuu yenyewe ilikuwa ya muda tu. Zikafuata dawa nyingine: merkaptopurini ya Gertrude Elion na George Hitchings, ambao walikuja kushiriki Tuzo ya Nobel ya 1988, na vinkristini, itokanayo na ua dogo la rangi ya waridi au jeupe ambalo asili yake ni Madagaska, kisiwa ambacho wazee wa pwani walikiita Bukini. Ua hilo limepandwa mbele ya nyumba nyingi huku kwetu, na wapo wanaolichemsha majani yake wakidhani wanakunywa dawa ya saratani. Wasifanye hivyo. Mmea ule una sumu, na kiasi kinachotolewa hospitalini hupimwa kwa miligramu.

Kwa dawa hizo watoto wakaanza kuishi mwaka mmoja, miwili, hata mitatu. Ndipo likazuka jambo ambalo hapo awali halikupata muda wa kuzuka. Mtoto ambaye uboho wake ulikuwa safi aliletwa hospitalini akitapika asubuhi na kuumwa na kichwa, na maji ya uti wa mgongo yalipopimwa yakakutwa yana seli za lukemia. Kufikia miaka ya 1960 zaidi ya nusu ya watoto waliopata nafuu walirudiwa na ugonjwa kwa njia hiyo. Sababu ni kwamba mishipa ya damu inayopita ubongoni imejengwa kwa kuta madhubuti zinazochuja kila kipitacho. Mlinzi yule azuiaye sumu isiufikie ubongo huizuia dawa nayo. Seli chache za lukemia zilikuwa zimekwisha kupenya kabla ya tiba kuanza, zikakaa humo zikilindwa na ukuta ulioumbwa kwa ajili ya kuulinda ubongo. Korodani zina ukuta wa namna iyo hiyo. Mkulima aliyewahi kupambana na ndago atanielewa upesi: unalima, unapalilia, shamba linang'aa, na wapita njia wanakusifu, ilhali vijitunguu vya ndago vimo ardhini vikingoja mvua.

Aliyelikabili jambo hili kwa ujasiri ni Donald Pinkel, mkurugenzi wa kwanza wa hospitali ya watoto ya St. Jude iliyofunguliwa mjini Memphis, Marekani, mnamo 1962. Yeye na wenzake waliamua wasingoje ugonjwa ujitokeze kichwani. Kila mtoto, hata asiyelalamikia kichwa, alipigwa mionzi ya kichwa na kutiwa dawa moja kwa moja katika maji ya uti wa mgongo, kisha akaendelea na mchanganyiko wa dawa kwa miaka miwili au mitatu. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilidhihirika kuwa takriban nusu ya watoto hao wangeishi bila ugonjwa kurudi, katika wakati ambapo vitabu vya utabibu bado viliuita ugonjwa huo kuwa hauna tiba. Kwa maoni yangu, uamuzi ule wa kukitibu kisichoonekana ulihitaji moyo mkubwa kuliko ugunduzi wa dawa mpya. Baadaye ikaonekana kwamba mionzi ya kichwa ilidhuru ukuaji wa watoto na uwezo wao wa kujifunza. Ikapunguzwa hatua kwa hatua, hadi hospitali iyo hiyo ikachapisha mnamo 2009 matokeo ya watoto waliotibiwa bila mionzi ya kichwa hata kidogo, na zaidi ya asilimia 90 kati yao walikuwa hai baada ya miaka mitano. Mionzi iliondoka; sindano za mgongo zikabaki.

Na ni sindano hizo za mgongo ambazo wazazi wengi huku kwetu wanaziogopa kuliko kitu chochote. Nimewasikia wakisema kwamba mtu akidungwa mgongoni hupooza, au kwamba madaktari wanamfyonza mtoto maji ya uhai. Mzazi huikubali damu itolewe mkononi mara kumi, lakini ikifika zamu ya mgongo humchukua mtoto akarudi naye nyumbani, hasa kama amekwisha kuambiwa kuwa damu ni safi. Siwacheki wazazi hao. Hakuna aliyewaketisha akawaeleza kwamba dawa ya mshipani haifiki vizuri kule, na kwamba sindano hiyo ndiyo inayokwenda kuwatafuta waliojificha. Mwalimu wa Sayansi aliye karibu na mzazi wa aina hiyo anaweza kufanya kazi ambayo daktari mwenye foleni ya wagonjwa 60 hana nafasi ya kuifanya.

Walimu nasi tuna yetu. Muhula mmoja, katika shule ambayo sitaitaja, mwenzangu mmoja alilifungua daftari la ruhusa akaniambia, "Mwalimu, huyu kijana amepona. Nywele zimeota, kabumbu anacheza, chakula anakula kuliko mimi. Mbona kila mwezi ataka ruhusa ya kwenda kliniki? Au siku hizi kliniki huangukia siku za mtihani?" Wenzetu wakacheka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anasema yale ambayo macho yake yalimwambia. Lakini nywele huota kwa sababu mgonjwa ameingia katika kipindi cha dawa nyepesi, si kwa sababu tiba imekwisha. Tiba ya lukemia ya limfoblasti huchukua miaka miwili hadi mitatu, na sehemu kubwa ya muda huo ni vidonge vya kila siku ambavyo mtoto anavimeza akiwa mzima wa afya machoni pa watu. Uchunguzi umeonyesha kwamba wanaoviruka vidonge hivyo hurudiwa na ugonjwa zaidi ya wanaovimeza sawasawa. Na hata baada ya kidonge cha mwisho, mtoto huendelea kuitwa kliniki kwa miaka kadhaa, apimwe damu, aguswe shingo, tumbo na korodani, aulizwe habari za kichwa na macho.

Nimeitaja korodani mara tatu sasa, na pengine yuko msomaji aliyekunja uso. Na tulizungumze hili waziwazi. Neno hilo ni la Kiswahili sanifu, limo katika kamusi, na halina matusi ndani yake. Lugha yetu haikosi maneno ya viungo vya mwili. Sisi ndio tunaokosa ujasiri wa kuyatamka mbele ya wavulana wanaohitaji kuyasikia. Lukemia inaporudi katika korodani, mara nyingi upande mmoja huvimba na kuwa mgumu bila maumivu yoyote. Kwa kuwa hapaumi, mvulana hasemi. Kwa kuwa ni mahali pale, anaona haya zaidi. Akijikaza akamweleza mwenzake wa kitanda cha juu, ataambiwa kuwa hilo ni busha, na bweni zima litacheka hadi mwisho wa muhula. Basi huvaa kaptura pana na kunyamaza. Marejeo ya aina hii yamekuwa nadra tangu dawa ziimarishwe, lakini unadra wake hautamsaidia yule mmoja aliyenyamaza. Mvulana aliyepata kutibiwa lukemia aelezwe mapema, na mwanamume mwenziwe akiwezekana, kwamba uvimbe wowote pale ni habari ya kupelekwa kliniki wiki ile ile.

Dalili za mahali pengine hazina haya, ila huchanganywa kwa urahisi na mambo ya kila siku. Kichwa kinachouma kila asubuhi pamoja na kutapika hudhaniwa kuwa malaria au hofu ya mtihani. Mtoto anayeona vitu viwili viwili hupelekwa kupimwa miwani. Mdomo ukienda upande, watu husema amepigwa na upepo mbaya. Wapo hata watoto ambao ugonjwa ukiigusa sehemu ya ubongo inayotawala njaa hula bila kushiba na kunenepa ghafla, na shule nzima ikafurahi kuwa sasa afya imerudi. Vinundu vigumu vya ngozi, pengine vyenye rangi ya zambarau, huitwa majipu. Fizi zilizovimba huchukuliwa kuwa ni mambo ya mswaki. Nisieleweke vibaya: kichwa cha mwanafunzi huuma kwa sababu mia, na lukemia ni ya mwisho kabisa katika sababu hizo. Nasema habari za yule ambaye faili lake tayari lina neno hilo. Kwake yeye, uvimbe au dalili mpya ihesabiwe kuwa ni ya ugonjwa wa zamani mpaka daktari athibitishe vinginevyo. Na ikiwa miguu yake inalegea, au ameshindwa kuuzuia au kuutoa mkojo, asingojewe mzazi afike. Huenda uvimbe unaubana uti wa mgongo, na hapo saa huhesabiwa.

Linalowatatiza wengi ni hatua inayofuata. Uvimbe umekatwa kipande, maabara imesema ni lukemia, na uboho ukipimwa unaonekana safi. Jamaa huuliza kwa haki: kwa nini asipasuliwe ukaondolewa, mambo yakaisha? Kwa sababu usafi huo wa uboho mara nyingi ni wa macho ya hadubini tu. Vipimo vikali zaidi hugundua seli chache zilizokwisha kuanza kurudi humo, na wagonjwa waliotibiwa kwa kisu au mionzi ya mahali pamoja tu wamerudiwa katika uboho baada ya miezi. Kwa hiyo uvimbe mmoja hutibiwa kama ugonjwa wa mwili mzima, kwa dawa za mshipani, za mgongoni inapobidi, na mionzi ya mahali palipovimba ikihitajika.

Je, kuna tumaini? Ndiyo, ila halilingani kwa wote. Mtoto wa lukemia ya limfoblasti ambaye ugonjwa umechelewa kurudi, na ukarudi katika korodani au tando za ubongo peke yake, ana nafasi nzuri kuliko yule aliyerudiwa mapema ndani ya uboho. Wengi wa aina yake wamepona kwa tiba ya mara ya pili. Sarkoma ya mieloidi inayozuka baada ya mgonjwa kupandikizwa uboho wa mtu mwingine ni shida kubwa zaidi. Upandikizaji huo, uliompatia E. Donnall Thomas Tuzo ya Nobel mnamo 1990, hufanya kazi kwa njia mbili: dawa kali hufyeka, kisha seli za kinga za aliyetoa uboho hulinda zamu. Lakini imeonekana kuwa walinzi hao hushika doria vizuri zaidi ubohoni kuliko katika ngozi, matiti au nyuma ya jicho, na ndiko ugonjwa unakopenya. Madaktari wangali wanatafuta jinsi ya kuwatuma walinzi hao huko nje.

Mbele ya yote hayo husimama suala la fedha na masafa. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa saratani za watoto mnamo 2018 likiwa na shabaha kwamba kufikia 2030 angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani ulimwenguni wawe wanapona. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 hupona; katika nchi nyingi maskini hawafiki asilimia 30. Tofauti hiyo haitokani na dawa za siri. Sehemu yake kubwa hutokana na kuchelewa kutambua ugonjwa, kukosekana kwa dawa, na watoto kuachishwa tiba katikati. Mzazi wa Turkana au Tana River anayepaswa kumfikisha mtoto Eldoret au Nairobi kila baada ya wiki chache anauza mbuzi kila safari, na mbuzi wakiisha, tiba huisha. Akisikia kwamba damu ni safi, hupata sababu ya kupumzika ambayo mimi siwezi kumlaumu kwayo. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii ilipochukua nafasi ya NHIF, zipo familia ambazo bado hazijui zinapaswa kujiandikisha vipi, na karani wa shule mwenye tarakilishi angeweza kuwasaidia kwa nusu saa.

Kwa walimu wa darasani nina neno moja zaidi. Mtoto aliyetiwa dawa mgongoni mara nyingi, au aliyepigwa mionzi ya kichwa, anaweza kurudi darasani akiwa mzito wa kunakili, msahaulifu wa hesabu za hatua nyingi, mwepesi wa kuchoka kufikia saa nane. Huo si uvivu wala si kudekezwa. Ni gharama aliyoilipa ili ukuta ule wa ubongo usigeuke maficho. Aongezewe muda. Na tetekuwanga au surua ikiingia darasani, mzazi wake ajulishwe siku hiyo hiyo, maana kinga yake ni dhaifu. Hali kadhalika homa ya mtoto huyo haingoji zamu ya nesi wa kesho.

Lililobaki ni la karatasi. Mara nyingi barua ya daktari yenye maelezo ya ugonjwa huletwa siku ya kwanza, husomwa na mwalimu mkuu, kisha hufungiwa kabatini. Mwaka ufuatao mwalimu wa darasa amebadilika, matroni amehamishwa, na mtoto mwenyewe amekwenda shule nyingine akiwa na kikaratasi cha alama peke yake. Uvimbe unapozuka huko, hakuna mtu shuleni ajuaye kwamba neno lukemia liliwahi kuandikwa juu yake. Barua hiyo itolewe nakala tatu: moja ibaki afisini, moja apewe matroni kwa siri ipasavyo, na ya tatu imfuate mtoto kila aendako, ikiwa na jina la ugonjwa, tarehe tiba ilipoanza, na nambari ya simu ya kliniki.